Chumbe: vyumba saba vinavyowalipa walinzi wa matumbawe

Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kupitia mamlaka yake ya uwekezaji, ZIPA, imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji wa utalii. Kila mradi unapotangazwa, maneno ya mazingira hayakosekani: rafiki wa mazingira, endelevu, wa kijani. Maneno hayo hayamgharimu mtu kitu. Linalohitaji kuelezwa ni namna hoteli iliyojengwa juu ya kisiwa kidogo inavyoweza kuvilinda viumbe vya hapo badala ya kuvimaliza, nani analipia ulinzi huo, na nani anakosa riziki kwa sababu yake.

Bahati nzuri hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kisiwa cha Chumbe kiko yapata kilomita 12 kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na boti ya kwenda huko huondokea Mbweni. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe chenye ukubwa wa hekta 22 hivi, kimefunikwa na msitu wa maweni, yaani unaoota juu ya mawe hayo. Upande wake wa magharibi kuna miamba ya matumbawe iliyohifadhiwa, hekta 33, ambayo watafiti wamehesabu humo zaidi ya aina 400 za samaki na aina zipatazo 200 za matumbawe magumu. Eneo lenyewe si kubwa. Mtu mwenye pumzi anaweza kuogelea kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na kwa hiyo utajiri huo unastaajabisha.

Ni lazima tuanze na jambo ambalo wapenda utalii mara nyingi hulipita haraka: miamba ya Chumbe haikuokolewa na utalii. Iliokolewa kwanza na jiografia na ulinzi wa nchi. Mnara wa taa uliosimama kisiwani hapo ulijengwa na Waingereza mwaka 1904 kwa sababu meli zilikuwa zikipita karibu, na njia hiyo ya meli kati ya Unguja na Dar es Salaam ndiyo iliyofanya uvuvi wa upande wa magharibi usiruhusiwe kwa miaka mingi, jeshi nalo likiwa jirani. Tena wavuvi wengi hawakuwa na mashine. Kwa dau au ngalawa, kwenda Chumbe na kurudi upepo ukiwa haukubali ni kazi ya kuvunja mgongo, na samaki walikuwapo karibu zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali hiyo ilikuwa inaelekea kwisha. Mashine za boti zilikuwa zinaongezeka, watalii walikuwa wanamiminika, na sehemu nyingine za pwani yetu zilikuwa zimekwisha kuumizwa na baruti, na juya la kigumi linalokokotwa juu ya miamba huku watu wakiipiga kwa miti, na nanga, na wachimbaji wa matumbawe ya kuchomea chokaa. Wakati huo ndipo Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi katika miradi ya maendeleo, alipoiona miamba ya Chumbe ikiwa bado hai na akaamua kutafuta njia ya kuihifadhi. Alianzisha kampuni iitwayo Chumbe Island Coral Park, kwa kifupi CHICOP, na akaanza mzunguko mrefu wa ofisi za serikali.

Hapa pana kitu kinachowachanganya wengi. Watu husema "kile kisiwa kimeuzwa kwa Wazungu". Hakijauzwa. Tarehe 24 Desemba 1994 serikali yenyewe ndiyo iliyotangaza miamba ile kuwa hifadhi, na msitu nao ukawekwa chini ya ulinzi. Ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania yenye usimamizi wa kweli, kabla hata ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyofuata mwaka 1995. Kampuni ilipewa kazi ya kusimamia kwa mkataba wenye muda: kwa upande wa miamba, miaka kumi inayoweza kuongezwa. Juu yake kuna kamati ya ushauri ambamo wanakaa maofisa wa serikali, wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na viongozi wa vijiji jirani. Bahari ni ya umma, na umma una haki ya kumwondoa msimamizi asiyefanya kazi yake. Mfanyabiashara wa kawaida hafurahii mkataba mfupi namna hiyo, maana benki nayo haifurahii, lakini kwa mali ambayo ikiharibika hairudi, mimi naona muda mfupi wenye masharti ni salama zaidi kuliko miaka tisini na tisa.

Tazameni pia mpangilio wa miaka. Hifadhi ilitangazwa 1994. Nyumba za wageni zilifunguliwa 1998. Kwa miaka minne hakukuwa na kitanda hata kimoja cha kuuzwa, na tayari wavuvi wa vijiji jirani walikuwa wameajiriwa na kufundishwa kuwa walinzi wa miamba. Katika miradi mingi tunayoiona mambo huenda kinyume: jengo kwanza, uhifadhi baadaye, fedha zikibaki. Na fedha hazibaki.

Sasa tuingie kwenye mapato. Chumbe ina nyumba saba tu za wageni, na zilipojengwa zilikusudiwa watu wawili wawili, yaani wageni 14 kwa usiku mmoja. Bei yake ni ya juu, na Mswahili wa kawaida hawezi kuilipa. Kwa bei hiyo hulipwa mishahara ya walinzi, mafuta ya boti za doria, kazi za utafiti, na safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaoletwa kisiwani bila malipo kusoma bahari yao wenyewe. Kuna watoto wengi waliokulia mita mia moja kutoka pwani bila kuwahi kuyaona matumbawe hai kwa macho yao, hasa wasichana, ambao mara nyingi hawafundishwi kuogelea. Nyumba ya zamani ya mtunza mnara, iliyokuwa gofu, ndiyo iliyogeuzwa kuwa mahali pa kupokelea wageni na kusomeshea.

Kwa nini nyumba saba tu, wakati kisiwa kina nafasi ya ishirini? Jibu limo kwenye maji ya kunywa.

Chumbe haina kisima. Chini ya mawe ya matumbawe hakuna maji yasiyo na chumvi ya kuchota, kwa hiyo maji yote ya wageni hutoka mawinguni. Mapaa ya nyumba yalijengwa makubwa na yenye mteremko ili yakinge mvua. Maji hushuka, hupita kwenye kichujio cha mchanga na kokoto, kisha huingia kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Tufanye hesabu kidogo ili jambo hili lieleweke. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Tuseme mwaka mmoja unaleta milimita 1,500. Basi paa la mita za mraba 100 hukinga, kwa makadirio ya juu, lita 150,000.

Utafiti wa Stefan Gössling kuhusu matumizi ya maji katika pwani ya mashariki ya Unguja, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta kwamba mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, mara nyingi zaidi ya mwenyeji anayeishi kijiji hicho hicho. Sehemu kubwa ya maji hayo ilikwenda kwenye bustani, mabwawa ya kuogelea na mabafu. Chukueni wageni 14 wenye matumizi kama hayo, kwa mwaka mzima: ni lita milioni tatu na nusu. Kuyakinga kwa mvua kungehitaji zaidi ya mita za mraba 2,300 za paa, yaani kila moja ya nyumba zile saba iwe na paa la mita za mraba 330 na zaidi. Haiwezekani. Lakini mgeni akitumia lita 100, zinatosha mita za mraba 49 kwa kila nyumba. Kwa hiyo hakuna bwawa la kuogelea, hakuna bustani ya majani ya kumwagiliwa, na anayejisahau chini ya bomba anayamaliza maji ya tangi lake mwenyewe.

Ndiyo maana kila ninaposikia kisiwa kidogo kinajengewa vyumba hamsini, swali langu la kwanza ni la maji. Kama yatatoka kwenye mtambo wa kuchuja chumvi, umeme wa kuuendesha utatoka wapi, na ile chumvi nzito inayobaki itamwagwa upande gani wa miamba? Kama yatavutwa kwa bomba kutoka Unguja, kijiji gani kitapungukiwa?

Maji yakiingia lazima yatoke, na hapo ndipo hoteli nyingi za pwani huua matumbawe bila hata kuyagusa. Matumbawe hustawi katika maji safi yasiyo na rutuba nyingi. Maji taka yakivuja baharini hulisha mwani, mwani hukua haraka na kuyafunika matumbawe. Ardhi ya maweni ina matundu kila mahali. Shimo la choo lililochimbwa humo halikai na kitu, kinashuka hadi baharini. Chumbe iliamua kutokuwa na vyoo vya kuvuta maji kabisa. Vyoo vyake ni vya mboji: kinyesi huchanganywa na majani makavu, hupata hewa, hukauka na kuoza taratibu hadi kuwa mboji. Maji ya kuogea na kunawia hupitishwa kwenye vitalu vya mimea inayonyonya uchafu kabla hayajafika chini. Umeme ni wa jua, taa ni chache, na njiani usiku mgeni hutembea na tochi, kwa sababu viumbe wengi wa pale hutoka gizani.

Mkubwa kati ya hao ni kaa wa nazi, anayepanda miti na kupasua nazi kwa magando yake. Hakuna kaa wa nchi kavu anayemfikia duniani. Anaweza kufika kilo nne na kuishi miongo kadhaa, na kwa sababu hukua polepole na nyama yake ni tamu, ametoweka sehemu nyingi zenye watu. Chumbe bado wapo. Panya, waliokuwa adui wa mayai ya ndege, waliangamizwa kisiwani mwaka 1997. Pia waliletwa paa nunga wachache kutoka Unguja, paa mdogo anayepatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, akiandamwa na mitego na mbwa wa wawindaji.

Nirudi kwa walinzi, maana wao ndio hifadhi yenyewe. Hawana silaha. Wengi wametoka kwenye uvuvi, wanajua majina ya vyombo, wanajua nani ametoka bandari gani na kwa nini yuko pale siku ya maji mafu. Chombo kikiingia mpakani wanakiendea, wanasalimiana, wanaeleza mpaka uko wapi na unafaa nini, kisha wanaandika: chombo gani, zana gani, kumetokea nini. Kumbukumbu hizo za miaka na miaka zina thamani kuliko bunduki, kwa sababu zinaonyesha kama uvamizi unaongezeka au unapungua na katika msimu gani.

Na wanamweleza nini mvuvi? Kwamba samaki wa Chumbe watamfikia nje. Hoja hii ina elimu ndani yake, si maneno ya kumtuliza mtu. Samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi sana kuliko jike mdogo, na mayai na vifaranga husafiri na mkondo nje ya mpaka. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakubwa wao ndio hugeuka madume. Mshipi na bunduki ya mshale ya kuvulia huchagua wakubwa, kwa hiyo eneo linalovuliwa sana hubaki na chewa wadogo na madume wachache mno. Mahali pasipovuliwa huwapa nafasi ya kuzeeka. Baadaye, eneo likijaa, samaki wazima nao huanza kutoka kutafuta nafasi, na mwenye dema au mshipi nje ya mpaka huwapata.

Lakini tuseme kweli: kwa Chumbe hoja hii ilikuwa nyepesi kukubalika, kwa sababu eneo lilikuwa dogo na wavuvi hawakuwa wakilitegemea. Mahali pengine si hivyo. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ni mahali pa dago. Wavuvi wa vijiji vingi hulala huko, hupika, hukausha samaki, husubiri upepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kujenga hoteli ya kitalii, na wavuvi waliupinga. Mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi ambalo uvuvi unaruhusiwa sehemu kubwa na kukatazwa sehemu ndogo, na miaka iliyofuata masheikh walishirikishwa kueleza, kwa mafunzo ya Kurani, kwa nini binadamu hana ruhusa ya kufuja alichoaminiwa. Ungeipeleka Misali njia ya Chumbe kama ilivyo, ungewaondoa watu kwenye kazi yao ili wageni waogelee. Hilo ningeliita dhuluma hata kama matumbawe yangenawiri.

Kuna upotofu wa upande wa pili pia: kudhani kwamba mtalii akija kumwangalia mnyama, basi mnyama ameshapona. Kizimkazi inatufundisha vingine. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa huko walikuwa wakiwindwa, nyama yao ikitumika kama chambo. Watalii walipoanza kulipa kuwaona, uwindaji ulikoma, na hiyo ni neema ya kweli. Ila boti hazikuwekewa kikomo cha kufuatwa. Asubuhi boti nyingi huwazunguka pomboo wachache, mashine zinanguruma, wageni wanarukia majini mbele yao. Watafiti waliowafuatilia walikuta kwamba boti zikiwapo pomboo hupumzika kidogo na husafiri zaidi. Mnyama asiyepumzika hanyonyeshi vizuri. Huko fedha ipo, lakini kila nahodha anajua kwamba asipokaribia yeye atakaribia mwenzake, na mgeni atampa bakshishi huyo mwenzake. Chumbe walikwepa mtego huo kwa kuwa na mlango mmoja: msimamizi mmoja, idadi moja ya wageni, maboya ya kufungia boti badala ya nanga, na kuogelea kwa miwani na bomba la hewa tu, mitungi ya kuzamia ni ya watafiti.

Yapo yasiyozuilika na mlango wowote. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja na mwani ndani ya miili yao, na mwani huo ndio unaowalisha na kuwapa rangi. Bahari ikipata joto la digrii moja au mbili juu ya kawaida kwa wiki kadhaa, matumbawe huutema mwani na kubaki meupe, na joto lisiposhuka hufa kwa njaa. Mwaka 1998, mwaka ule ule Chumbe ilipofungua milango, joto la El Niño liliyababua matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi; mwaka 2016 likarudi. Miamba ya Chumbe iliumia, ikainuka tena kuliko mingi. Mahali penye samaki wanaokula mwani, kama pono, panasafishwa haraka na tumbawe changa linapata pa kushika. Vilevile walinzi wamekuwa wakiviokota kwa mkono viti vya pweza vyenye miiba, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota wanaokula matumbawe, kila vinapozidi. Kazi kama hiyo inahitaji watu wanaozama kila wiki, mwaka mzima, na watu hao wanakula mshahara.

Mshahara huo unatoka kwa mgeni, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa njia nzima hii. Mwezi Aprili 2020 ndege za kimataifa zilisimamishwa kwa sababu ya korona. Zilianza tena mwezi uliofuata, lakini wageni walikuwa wamekauka Zanzibar nzima, na wengi waliopoteza kazi hotelini wakageukia bahari kutafuta kitoweo. Kwa hiyo doria zilihitajika zaidi wakati ule ule fedha ya doria ilipokatika. Hifadhi inayotegemea vitanda peke yake inaweza kuanguka kwa jambo lililotokea nchi ya mbali, bila kosa la mlinzi wala la mvuvi.

Dawa yake haihitaji utaalamu mkubwa. Ni akiba iliyotengwa kwa ajili ya doria tu, isiyoguswa kwa kujenga wala kukarabati, na iwe sharti la mkataba wa kila kisiwa kinachokodishwa sasa. Masheha wa vijiji vinavyokitazama kisiwa hicho wapewe haki ya kuulizia salio lake. Miezi kumi na miwili ya mishahara ya walinzi na mafuta ya boti ni fedha ndogo mbele ya gharama ya kujenga hoteli, na inaweza kuwekwa benki siku ile ile mkataba unapotiwa saini.